Nilimnyamazisha Mama Furaha kwa sababu ya herufi moja iliyozidi

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Haya yamenipata mimi mwenyewe, Dieudo, na sehemu inayoniaibisha sijaipunguza.

Chuoni mimi na Mama Furaha tulipangiwa kuandika pamoja memoire moja, yaani tasnifu ya kumaliza masomo. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu aliyerudi kusoma, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

Mada: sarufi za kihesabu, yaani kanuni za kubadilisha herufi. Kila kanuni inabadilisha herufi moja tu, bila kuangalia jirani zake.

Sarufi moja ya aina hiyo haiwezi kuhakikisha a, b na c zinatoka kwa idadi sawa, kama aabbcc. Sisi tuliandika kwamba mbili zikipokezana, kila moja ikifanya kazi mpaka ikwame, zinaweza.

Siku tatu kabla ya kuitetea memoire mbele ya juri, yaani walimu watahini, Mama Furaha alikuja kwangu na karatasi. Alikuwa amefuata kanuni zetu hatua kwa hatua, akapata aabbccc.

c moja imezidi. Upande mmoja ulishamaliza, mwingine ukaendelea.

Akasema inatakiwa sarufi ya tatu, ya kumalizia tu. Tuombe muda.

Nilikataa. Nilishaahidiwa nafasi ya asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, na sikutaka kuipoteza. Nikamwambia akinyamaza hakuna atakayeona.

Kweli juri hawakuona. Tulipigiwa makofi. Yeye hakufungua mdomo.

Mvua zilipoanza, kipindupindu kikamchukua. Siku mbili tu.

Mwaka uliofuata, nikiwa tayari asistanti, mwanafunzi wangu alijenga memoire yake juu ya yetu. Safari hii juri wakaliona tundu lile lile, wakamrudisha arudie mwaka mzima. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama meza.

Ndipo nikaenda biro, yaani ofisini, kwa profesa aliyetusimamia, nikasema yote. Kazi yangu ikaishia hapo. Sahihisho, lenye ile sarufi ya tatu, liko maktaba, kwa jina la Mama Furaha.

Nakala nilimpelekea binti yake. Akasoma jina la mama yake, akanirudishia karatasi.

"Papa Dieudo, mama alikuambia wewe. Mimi unaniambia ya nini?"

Nikaikunja karatasi, nikaondoka. Mpaka leo ninayo.

Nilichojifunza: mwenzako akikuonyesha kosa, kaeni mlisahihishe angali hai. Kulisahihisha baadaye kunasaidia karatasi tu.

Kama kuna aliyewahi kumnyamazisha mtu aliyekuwa sahihi, aandike hapa chini aliishi nalo vipi. Hata mnaotaka kunilaumu, nitawasoma.