Hitima ya Mteja Wetu

Nakaa kwenye dawati la huduma kwa wateja katika tawi la benki mjini Masasi, na kazi hiyo imenifanya niwe mtu wa kusalimiana tu. Sisemi ili nionewe huruma. Mtu anayejua kwamba mume wa fulani amekuja asubuhi kumwondoa mkewe kwenye akaunti, hawezi kukaa barazani jioni akasukwa nywele na mke huyo huyo. Akifungua mdomo, hata kusema mvua imechelewa, watu wanasubiri kilicho nyuma ya mvua. Akinyamaza, wanasema anaringa. Wanawake wa sokoni wamenichoka, wakiniona wanaambiana, “Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata hiyo inapita.” Nacheka nao, nanunua nyanya zangu naondoka.

Nilipoajiriwa tulikula kiapo. Tukafundishwa kugeuza kioo cha kompyuta ili anayesubiri asikione, kutotaja jina la mteja kwa sauti, na kutofungua akaunti ya mtu usiyemhudumia, maana mfumo unaandika nani kafungua na kafungua lini. Akija mtu kumuulizia mtu mwingine, awe mke, awe mzazi, jibu ni moja: hatutoi taarifa za mteja, na hatusemi hata kama huyo ni mteja au si mteja. Mimi sikuona ugumu wowote. Nilitoka kijijini Kitangari, nimelelewa kwa kubeba ndoo ya maji kichwani mwendo mrefu bila kumwaga, nikadhani siri nayo ni kazi ya shingo tu.

Nimepanga chumba mtaa wa Mkomaindo, uani kwa mama mmoja mjane anayeuza uji na chapati kwenye lango la hospitali. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa chuoni, na huyu mama mwenye nyumba, bila kuulizwa na mtu, akaanza kunifunikia chakula. Narudi kazini nakuta sahani juu ya kigoda mlangoni pangu, kawa juu yake, kisamvu cha nazi au mbaazi. Ukimshukuru anakufokea. “Hiyo ni baki,” anasema, wakati mimi namwona tangu mchana anavyokitenga. Katika mji mzima ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuniuliza habari za benki, na kwa hilo nilimpenda kuliko kwa kisamvu.

Alikuwa na watoto wawili. Binti, fundi cherehani, alikaa naye na alikuwa amechumbiwa. Mwana, mkubwa, alivuka Ruvuma kwenda machimboni Msumbiji, kama vijana wengi wa huku. Kisha huko kukachafuka, wengine wakarudi mbio na nguo walizovaa, wengine hawakurudi. Yeye hakurudi. Miaka ikapita bila simu wala salamu. Mama alimtaja mara chache, na kila mara alimtaja kama mtu aliyetoka sasa hivi kwenda dukani.

Asubuhi moja kwenye kioo changu likaingia ombi kutoka tawi letu la mji mmoja wa kaskazini, mbali kabisa na huku. Kuna mteja anataka kubadili namba ya simu, makazi, na ndugu wa karibu, yule ambaye benki humtafuta mteja akifariki. Akaunti ilifunguliwa Masasi, kwa hiyo Masasi ndiyo inapaswa kumhakiki. Ni kazi ya kila wiki, hata majina nayasoma juu juu. Nikampigia, nikajitambulisha, nikaanza maswali tunayomuuliza kila mtu. Tarehe ya kuzaliwa akajibu. Kituo cha mwisho alichouzia korosho, maana akaunti ilifunguliwa kwa malipo ya korosho, akajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kidogo. Nikauliza jina kamili la mama yake mzazi.

Akalitaja. Lilikuwa jina lililo kwenye mkataba wangu wa chumba.

Akauliza kama simu imekatika. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mdogo analia, na mwanamke anambembeleza kwa maneno nisiyoyasikia vizuri. Nikaendelea kama nilivyofundishwa. “Unathibitisha unaondoa jina la ndugu wa karibu lililopo sasa?”

“Ondoa.”

Lililopo lilikuwa la mama yake. Nikaliondoa. Jioni nikafunua kawa, nikala mbaazi zake, nikaosha sahani nikamrudishia.

Ningeweza kuishi hivyo. Nilijiambia mtu mzima ana haki ya kutotaka kupatikana, pengine kuna jambo nisilolijua, na pengine kesho ataamka na akili nyingine apige simu mwenyewe. Shida ikaja na mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama mwenye nyumba, na kwao, kama kwetu, mjomba akisema, hata baba husikiliza tu. Aliteremka kutoka Newala kwa ajili ya kupanga harusi ya binti. Wakakaa uani, mimi naosha vyombo pembeni, na hakuna aliyeona haja ya kunificha kitu.

“Hatuwezi kupiga ngoma ya harusi juu ya msiba usiokwisha,” mjomba akasema. “Mtu hakai hewani. Wenzake aliokwenda nao wamesharudi au wamesharudishwa kuzikwa. Tumsomee hitima, tumpumzishe, halafu huyu mtoto aolewe.”

“Kaka, maiti hatujaiona.”

“Na mzima hatujamwona.”

Mama akasema jambo lililonifanya niache sahani ndani ya maji. “Alikuwa na akaunti benki. Maiti haendi benki. Nipeni siku mbili.”

Alinifuata jikoni mjomba alipokwenda kuswali. Hakuzunguka. “Mwanangu, sijawahi kukuuliza.”

“Hujawahi, mama.”

“Sitaki kujua ana nini. Sitaki kujua yuko wapi. Nataka neno moja, yupo au hayupo.”

Nilimjibu kwa jibu tunalompa kila mtu. Nikalisikia linatoka mdomoni mwangu zima, hata koma zake. Hatutoi taarifa za mteja, na hatusemi hata kama ni mteja. Nikaongeza kwamba ipo njia ya polisi na mahakama, nikajichukia nilipokuwa naongeza, maana nilikuwa naongea na mwanamke mwenye unga mikononi.

“Huwezi au hujui?”

“Mama, na hilo pia hatulisemi.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kwenye unga wake. Aliamini sijui. Nilimwona akiamini, na nikamwacha aamini.

Kesho yake nilimwendea meneja. Ni mtu mwema, msharika mwenzangu wa kanisani, lakini kwenye sheria hana utani. Nilimweleza kwamba ndugu wa mteja wanamtafuta, wanataka kumsomea hitima. Alifikiri sana. Akasema taarifa ni za mteja, si zetu wala si za mama yake, na aliyezifunga ndiye wa kuzifungua. Tunachoweza ni kumpigia yeye. “Lakini upige kama benki, useme kama benki,” akanionya. “Usimwombe. Usimlilie.”

Nikapiga mbele yake. Nikamwambia mteja wetu kwamba jamaa zake wamekuja kumuulizia, na kwamba hatukutoa taarifa yoyote.

“Mmefanya vizuri,” akasema, akakata.

Meneja akanitazama, akaniambia nikanywe chai. Chai niliinywa huku natazama majabali ya Masasi dirishani. Nilimchukia yule kijana ambaye sijawahi kumwona, nikamchukia kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa ameniachia mimi kazi ya kumzika.

Hitima ikasomwa siku ya Ijumaa. Mimi ni Mkristo, lakini uani kwetu msiba hauna dini, hivyo niliamka alfajiri na wanawake wengine kukata vitunguu, na siku hiyo vitunguu vilinisaidia kuficha mengi. Walimu wakasoma, ubani ukafuka, mjomba akatoa shukrani kwa niaba ya ukoo. Mama alikaa katikati ya wanawake, kajitanda kanga, halii. Nilitegemea atalia. Alikuwa anatazama mlango wa uani, na kila mtu aliyeingia alimtazama mpaka usoni, kisha akashusha macho. Niliona alivyokuwa anatafuta. Na mimi pekee kati ya wote waliokuwa pale ndiye niliyejua kwamba anachokitafuta kipo, kinavuta pumzi, na kina mtoto.

Nikapewa pilau. Nilikula, kwa sababu kukataa chakula cha hitima ni kuuliza maswali.

Watu walipokuwa wanaanza kutawanyika, mjomba akasimama tena. Mama yule, tangu nimfahamu mimi na tangu wamfahamu wao, aliitwa kwa jina la huyo mwana wa kwanza, mama wa fulani. Ndivyo tunavyoitana huku. Wapo majirani ambao wakiulizwa jina lake halisi wangekodoa macho. Mjomba akasema kwamba kumwita hivyo kutwa nzima ni kumtonesha. Kuanzia leo aitwe kwa jina la binti. Watu wakaona ni busara, na kabla jua halijazama wakaanza. Mama wa binti, kikapu chako hiki. Mama wa binti, tunakwenda, pole sana. Aliitika kila mara, kwa kuchelewa kidogo.

Mimi nilishindwa. Jina jipya lilikuwa la mama aliyefiwa, na nikilitamka nitakuwa nimetia sahihi kifo ambacho najua ni cha uongo. La zamani nikilitaja, nitakuwa nimetoa siri ya mteja kwenye uwanja mzima. Nikaona niliache yote. Nikawa nasema shikamoo, mama. Ahsante, mama. Umeamkaje, mama. Nilijipongeza kwa kupata njia ya katikati. Wiki zikaenda, harusi ikafungwa, binti akahamia kwa mumewe, tukabaki uani mama na mimi, kila mmoja na mlango wake.

Jioni moja alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilimsalimia nikapita.

“Njoo ukae,” akasema.

Nikakaa kwenye kigoda.

“Watu wote wamebadili, wananiita kwa binti. Hata watoto wadogo wamezoea. Wewe ulikuwa unaniita kwa mwanangu kila siku ya Mungu, na tangu hitima huniiti.”

“Nakuita, mama.”

“Mama ni kila mtu.” Aliendelea kuchambua, hakuinua uso. “Asiyejua kitu angefuata wenzake.”

Nilitafuta jibu la benki na sikulipata, kwa sababu hakuwa ameniuliza. Niliangalia vidole vyake. Vilikuwa vimesimama.

“Uchungu wa mwana aujuaye mzazi,” akasema. “Nilijua, lakini nilidhani ni uchungu tu unaniambia.” Halafu, kwa sauti ya chini mno, “Hana njaa huko?”

Nilitaka kumwambia kuna mtoto. Nilitaka kumwambia mtoto analia kwa sauti nzuri, ya mapafu mazima, na kuna mwanamke anambembeleza. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikatazama chini na nikakaa hivyo, na najua kwamba kukaa hivyo nako kulikuwa ni kusema, na sijui kiapo changu kinasemaje kuhusu hilo.

“Basi,” akasema. “Hajataka kupatikana.” Akatoa chuya moja kwenye mchele, akaitupa. “Na mimi nikisema yupo, wataniuliza nimeambiwa na nani. Humu ndani anayefanya kazi benki ni mmoja.”

Sijawahi kuwa mpweke kama jioni ile, na alikuwa karibu nami kiasi kwamba kanga yake iligusa goti langu.

Mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa safarini Newala kwa kilimo na hakuwahi hitima. Aliingia akiwa tayari ameshika upande wa kanga kwa ajili ya machozi. Akamwita kwa jina la binti, maana njiani walishamfundisha. Akampa mkono. “Pole mwenzangu. Pole na mwanao. Nimesikia nikiwa shamba, sikuamini.”

Mama mwenye nyumba aliweka ungo chini. Aliinuka, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa kama afanyavyo mama aliyezika.

“Nimeshapoa, mwenzangu,” akasema. “Ni kazi ya Mungu.”

Jirani akalia kidogo kwa niaba ya wote. Kisha akanigeukia mimi, akauliza mbona mtoto huyu leo hata kusalimia hasalimii.

“Mwache,” mama akamwambia. “Kazi yake inachosha.”