Matela Tatu na Mvua ya Mwezi wa Saba

Juma lililopita, nikitoka masomoni, nilisikia sauti ile nyuma yangu: chakara-chakara, chakara-chakara. Kabla sijageuka, mkono wangu ulikuwa umeshafika nyuma ya suruali kupima kama ni kavu. Ilikuwa kavu. Nina miaka kumi na sita, ndevu tatu zimeshaota na zote ninazijua kwa majina. Lakini mwili una kumbukumbu zake, na wangu hauniombi ruhusa.

Nilipogeuka, ilikuwa matela mpya tu, inapanda kilima cha Kadutu juu ya kichwa cha mchukuzi, imevaa bado sashe yake ya kiwandani na inameta juani. Vitabu vya shule vinaiita godoro. Sawa. Kwetu Bukavu ni matela, plastiki yake ni sashe, na mtu akinunua matela mpya haivui sashe haraka. Kuna watu walioana juu ya sashe, wakazaa, na wajukuu wakaja kurukaruka juu ya sashe ileile. Mgeni akikaa kitandani, lazima asikie kwa masikio yake kwamba kitu ni kipya.

Basi sogeeni niwaambie habari ya sashe ya kwetu. Ila mkikutana na binamu yangu Murhula, hamkuisikia kwangu.

Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa kikojozi. Haya, nimesema. Mcheke sasa ili mmalize mapema.

Kuwa kikojozi Kadutu si kama kuwa kikojozi mahali pengine. Nyumba zetu zimepanda kilima kama viti vya uwanja wa mpira: paa la nyumba moja liko miguuni pa nyumba nyingine. Matela ikianikwa juu ya mabati, jirani wa juu anafungua dirisha, anaisoma kama gazeti, na kabla ya chai ya saa nne habari imeshafika sokoni. Mtoto anapata jina la utani ambalo atazikwa nalo.

Mimi nilikuwa na kinga. Nililala na mdogo wangu Baraka, wa miaka mitatu. Kila matela ilipopanda juu ya mabati, jirani wa juu alipaza sauti: "Baraka tena!" Na Baraka alitabasamu na kupunga mkono, maana alipenda kusikia jina lake. Maman peke yake ndiye aliyejua kwamba Baraka alilala upande wa ukuta, mkavu kama biskuti. Hakusema neno. Mimi nilidhani Maman naye amedanganyika, na nilijiona fundi.

Matela hiyo ya zamani ilikuwa na shimo katikati. Papa ni mwalimu wa jografia, akaliita Bonde la Ufa. Yake na Maman haikuwa na nafuu. Papa alikuwa akiamka amepinda kama ndoana, anatembea uani akishika kiuno mpaka mifupa ikubali. Na mwaka ule Murhula, mtoto wa tonton wangu wa Nyantende, alikuwa anakuja kukaa kwetu ili asome mjini. Papa akatangaza: matela tatu mpya na kitanda kipya cha watoto. Jumamosi tukashuka sokoni: Papa, Maman na mimi.

Mwuza matela alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, amezungukwa na matela zimesimama kama askari wa gwaride. Papa akaanza kuzibonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayechagua parachichi.

"Papa, hapana," yule akasema. "Matela hatununuaka na macho wala na kidole. Tunanunuaka na mugongo. Toa viatu, ulale."

Papa akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hapa? Mbele ya batu?"

"Batu batakufanya nini? Batalala pamoja na weye?"

"Lala tu, Papa Cito," Maman akasema. Cito ndiye mimi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Papa akavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka kutafuta hewa. Akalala chali katikati ya soko na tai yake. Wakati huohuo wanafunzi wake wawili wakapita: "Bonjour, Prof!" Papa akajibu akiwa amelala, "Bonjour, bonjour," kama mgonjwa anayepokea wageni hospitalini. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa imefunikwa na matela.

Mwuzaji akapitisha mkono chini ya kiuno chake. "Ona. Mukono ikipita bure, matela iko nguvu sana, mugongo inabakia mu hewa. Ikikatala kupita, umezama, iko laini sana. Yako ipite kwa kusukuma kidogo. Njo hii."

"Ngumu," Maman akasema. Yeye anasimama siku nzima akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na nyonga zake zina maoni yao. Mwuzaji akainua mikono. "Maman, mu ndoa ya batu mimi siingiake. Lala na weye."

Na Maman akalala! Kando ya Papa, mchana, kikapu juu ya tumbo. Sijui nyinyi kwenu, lakini mimi nilikuwa sijapata kuwaona wazazi wangu wamelala bega kwa bega. Nilijua wana kitanda kimoja, sikujua wanakitumia. Nilifunika macho, kisha nikafungua vidole viwili. Walikuwa wanatazama mawingu na kubishana taratibu kuhusu viuno vyao, mpaka wakakubaliana matela moja ya katikati, si ya mawe, si ya uji.

Mshtuko huo ulikuwa wa kuanzia tu. Jirani na mwuza matela palikuwa na fundi wa vitanda, na Papa akapenda kitanda cha ghorofa, cha mbao za mkaratusi. Akatikisa nguzo, akapima kwa kiganja nafasi kati ya ubao na ubao. Fundi akamwambia kanuni yake: "Muzito chini, mwepesi juu. Hapana kugeuza, utazika mutoto."

Papa akanielekezea kidole. "Murhula chini. Cito juu. Baraka atarudia kwetu."

Elewani hesabu yangu: bila Baraka, sina wa kumsingizia. Na juu, je? Maji hayajawahi kupanda kilima. Chini yangu angelala mtu mwenye miaka kumi na miwili, mwenye mdomo, wa shule moja na mimi. Nilimtazama Maman. Naye alikuwa amesimama kama aliyeona nyoka.

Mwuza matela alikuwa ameshatoa wembe ili apasue sashe, tuone mousse, ile sponji ya ndani. Maman akapiga kelele mpaka mama wa nyanya wakageuka:

"Usipasue!"

"Lakini maman, ukiacha sashe, mutatoka jasho. Na kelele yake..."

"Nimesema usipasue."

Papa akafungua mdomo ili abishe. Akamtazama Maman. Kisha akanitazama mimi, kidogo tu, kama mtu anayesoma kibao cha njia. Akafunga mdomo.

"Muache na sashe yake," akasema. "Yote tatu."

Hivyo tukaanza maisha ndani ya plastiki. Mtu akigeuka, nyumba nzima ilipata taarifa. Jasho lilikusanyika mgongoni, shuka iliteleza, asubuhi tulijikuta miguuni pa vitanda. Papa ndiye aliyelalamika kuliko wote. Kila asubuhi, akinyoa ndevu uani mbele ya kioo, wembe mkononi, alipaza sauti majirani wasikie: "Nimelala mu sashe kama mukate! Nitauzwa leo!" Na Maman alijibu kutoka jikoni: "Matela ikivuliwa inazeeka mbio!" Mimi nilicheka. Shuleni nilieneza kwamba maman yangu ni bahili mpaka anaogopa kuchakaza mousse.

Bahili huyo aliingia chumbani kwetu kila alfajiri, kabla Murhula hajaamka, akapangusa sashe yangu kwa kitambaa na kubadili shuka. Kisha alifua shuka za nyumba nzima, zangu na za wote, zikaanikwa pamoja. Jirani wa juu akasema, "Maman Cito anapenda usafi!" Hakukuwa na cha kusoma.

Ila sashe haimezi maji. Inayapeleka pembeni.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, vumbi limetanda na mbingu imekauka kama ngoma, Murhula alitokea uani akigusa paji la uso. "Tonton, mabati inavuja. Imenitonya hapa."

Papa akatazama mbingu. Akamtazama Murhula. Mimi sijui kama alinitazama, maana nilikuwa ninasoma kikombe cha chai.

"Eh," akasema taratibu. "Hii mabati ni ya zamani."

Akaazima ngazi, akapanda na nyundo. Mchana kutwa alipiga misumari juu ya kitanda changu, po! po! po! Jirani wa juu akafungua dirisha. "Prof, unatengeneza nini na jua kama hii?"

"Ninajitayarisha!"

Nilijificha nyuma ya nyumba nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mwalimu wa jografia! Mtu anayefundisha darasa zima kwamba kuanzia mwezi wa sita mawingu yanakwenda likizo! Niliamini kwamba Papa ni mjinga kidogo, na nilimhurumia.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha Koko, mama yake Papa, akaja kutoka Nyantende kupimwa macho. Wakampa kitanda cha wazazi. Alilala usiku mmoja. Tuliporudi kutoka shule siku ya pili, tulikuta matela zote tatu ziko uchi, nyeupe, zimepoteza heshima, na sashe tatu kwenye kamba zinapigwa na upepo. Koko alikuwa amekaa kivulini na kisu cha kumenyea mihogo.

"Sikuzaa watoto ili nilale mu sashe kama munofu," alisema.

Tukakaa kula bugali na sambaza. Nilimwona Maman hagusi chakula. Kisha Koko, bila haraka, akasema: "Ile sashe ya juu, nimeifua mara mbili."

Murhula alikuwa na tonge katikati ya njia. Likasimama. Macho yake yakapanda taratibu mpaka kwenye mabati, yakashuka taratibu mpaka kwangu. Nilimwona anaelewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi. Nilijiona nimeshapewa jina, nimeshazikwa nalo.

Papa akakohoa. "Mabati..."

"Mabati gani?" Koko akamkata. "Weye njo unasema? Weye ambaye nilianika mukeka yako mpaka mwaka ulienda séminaire? Kama mapadri bangelijua, bangelikuombea kwanza ukauke!"

Papa, na tai yake, na kalamu mbili mfukoni, alitazama sambaza zake kama mwanafunzi anayesubiri adhabu. Papa! Kikojozi! Maman alianza kutetemeka mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akaegemea ukuta. Baraka alipiga makofi bila kujua sababu.

Murhula akameza tonge lake. "Kumbe ile mvua," akasema. Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono, akachukua sambaza zangu zote, akaziweka kwenye sahani yake. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Hakumwambia mtu shuleni, na mimi kwa muda mrefu sana sikujua ladha ya samaki.

Alasiri, Koko alichukua sashe moja tu, yangu, akairudisha kwa mikono yake, juu yake akatandika blanketi nzito mbili. Akanipandisha, akaniambia nigeuke. Haikulia. "Sashe hapana ubaya," akasema. "Ni kuifundisha kunyamaza." Mwaka uliofuata ugonjwa wenyewe ulikwenda, bila dawa, bila kuaga.

Nilichelewa kufikiri, nilikuwa ninashughulika na kucheka. Ni hivi karibuni tu nilijiuliza: mtu mwenye wembe mkononi kila asubuhi, anayechukia sashe kiasi kile, alishindwaje kuikata? Na watu wawili waliochagua matela yao kwa mgongo, mbele ya soko zima, walikubalije kulala miaka miwili juu ya jasho? Ingekuwa na sashe matela yangu peke yake, Murhula angeuliza kwa nini, hata siku ya kwanza. Zilikuwa nazo zote, basi hakuna aliyeuliza. Na kelele za Papa kila asubuhi zilikuwa kama ngoma inayopigwa makusudi upande mwingine wa kijiji.

Mvua za mwaka huu zimeanza vibaya. Murhula ameshahama, na mimi bado nalala juu. Juzi niliamka nimelowa kuanzia shingoni. Nikatazama juu: maji yalikuwa yanapita kwenye matundu ya misumari ya Papa, yale aliyoyatoboa siku ile katika mabati mazima kabisa. Baraka, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja na mdomo mara mbili ya umri huo, alipanda, akagusa shuka, akakimbilia uani.

"Papa! Kitanda ya Cito imelowa! Mabati inavuja, ni pale ulipigaka misumari!"

Papa alikuwa mbele ya kioo, povu usoni. Wembe ukasimama.

Nilitoka nimebeba shuka, nikaitandaza juu ya kamba, wazi, mahali ambapo jirani wa juu anasoma vizuri.

"Mabati haivuji," nikasema. "Ni mimi."

Papa alinitazama kupitia kioo, muda mrefu kidogo. Kisha akaendelea kunyoa.