Mshairi wa China na Jina la Mama

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimevaa suruali ya kuazima. Kikundi chetu cha muziki kilikuwa kimealikwa kwenye sherehe ya tajiri mmoja mwenye duka hapa Makiso, na mtunzi wa nyimbo nilikuwa mimi. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulimhusu mama yangu, Mama Albertine, aliyeuza kwanga, mikate ya muhogo, bandarini, akingoja mashua zitokazo Isangi kwa jua na kwa mvua, hata akiwa na homa.

Tajiri aliahidi kutununulia gitaa tukimtupia libanga, yaani tukilitaja jina lake ndani ya wimbo. Desturi hiyo unaijua, ndiyo iliyokuleta kwangu leo. Jina lake lilikuwa refu, halikupata nafasi. Basi nikaliondoa la mama, nikaweka lake. Ukumbi ulishangilia, nami, mgema aliyesifiwa, nikalirudia tena na tena.

Mama alikuwapo, amekaa nyuma na kitenge chake kipya. Tulipofika nyumbani aliniuliza kwa upole, akiniita papa kama alivyozoea:

“Wimbo iko muzuri, papa. Lakini mimi, niko wapi?”

Niliona aibu hadi chakula kikanishinda.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Bosele, mwalimu wangu wa zamani, mtu wa kusoma hata karatasi ya kufungia samaki. Nilitumaini atanitetea. Hakunitetea. Alinisimulia habari za mshairi mmoja wa China ya kale. Mtu huyo alishindwa mitihani ya serikali, akaambulia kazi ndogo, kisha vita vikamng'oa kwake, akahangaika na familia yake hadi kufa. Alipokuwa hai, wachache tu walimjali. Leo Wachina wanamhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa kabisa. Nikauliza, kwa ujanja wa ujana, kama yeye hakuwahi kuwasifu wakubwa. Mzee akacheka, akakubali, maana kudanganya hakupenda.

“Aliwasifu, mutoto, alikuwa anatafuta kazi. Bon, njaa haina haya. Lakini wale wakubwa, leo nani anawajua? Watu wanalia juu ya mutoto yake mwenye alikufa na njaa, sababu kifo yake aliiandika mu shairi.”

Kisha akaniambia nimrudishe mama yangu mahali pake, kwani mwacha asili ni mtumwa.

Nikaenda bandarini bila gitaa, nikamwimbia mama mbele ya kwanga zake, na jina lake likiwamo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema niongeze kwamba kwanga yake hailali sokoni, inaisha siku ileile. Nikaongeza.

Tajiri hakutimiza ahadi, gitaa hatukulipata, na kikundi kilivunjika. Mama ametutoka. Duka la tajiri lina mwenyewe mwingine. Juzi nilipita bandarini nikawasikia akina mama wakiuimba wimbo ule huku wakipanga bidhaa. Nikamuuliza mmoja ni nani aliyeutunga. Hakujua. Nikamuuliza Mama Albertine ni nani.

“Ule mama mwenye kwanga yake hailale,” akasema.

Basi mwanangu, uliyeniuliza uweke jina la mkubwa gani katika wimbo wako, sikiliza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukimsifu mtu upate kula, sitakulaumu. Lakini usimtoe wa kwako ili mkubwa apate nafasi. Mungu akupe sauti, akupe na chakula, na mama yako asikuulize kamwe yuko wapi.