Mbio za Josée kabla ya siku ya tisini

Saa kumi na mbili asubuhi, kando ya barabara ya kwenda Kambove, mjini Likasi, Josée Mwewa anazamisha mpira wa ndani wa tairi kwenye beseni la maji, akitafuta panapotoa mapovu. Mgongoni amembeba binti yake aliyelala. Wateja watatu wanangoja na kinga zao, kama baiskeli zinavyoitwa hapa, nao wanashangaa fundi ana haraka ya nini.

"Saa tatu nafunga," anawaambia. "Leo baba ya mutoto anakuya ku komini."

Ni siku ya themanini na nane tangu mtoto azaliwe. Sheria inawapa wazazi siku tisini kumwandikisha mtoto. Zikipita, ni lazima kupitia mahakamani. Na Josée hataki kumwandikisha peke yake. Bila jina la baba kwenye karatasi, ombi lake la matunzo lingeanza na ubishi: baba ni nani?

Josée, mwenye miaka ishirini na saba, alifundishwa kuziba matairi na kaka yake. Kiraka kimoja ni faranga elfu moja, na siku nzuri huondoka na elfu kumi na tano. Mtoto alipopata homa mwezi uliopita, ilibidi auze pampu.

Ghislain, baba wa mtoto, ni dereva wa lori. Alihamia Kambove ujauzito ukiwa wa miezi mitano. Simu zake zikapungua, kisha zikanyamaza.

Hatua ya kwanza Josée aliikosea. Aliposikia kwamba mama anaweza kudai "pensheni" ya mtoto, alikwenda kujipanga kwenye foleni ya pensheni, katikati ya wazee wastaafu wa migodi. Alisimama saa mbili nzima, mpaka mzee Casimir, aliyekuwa nyuma yake, akashindwa kuvumilia.

"Mama, weye ulitumika miaka ngapi chini ya udongo?" alimuuliza. "Ao ni huyu mutoto njo anaenda mu retraite?"

Foleni nzima ilicheka kwa wazo la mtoto mchanga kustaafu, Josée akiwemo. Lakini ni Casimir huyo huyo aliyemweleza tofauti, kwamba foleni hii ni ya wastaafu na "pensheni" ya mtoto ni matunzo anayodaiwa baba, kisha akaomba ashikiwe nafasi, akampeleka mpaka kwa Mama Mathilde, mhudumu wa jamii.

Mathilde hakuanza na hakimu. Alimtuma kwanza zahanati kuchukua karatasi ya kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa pale. Akamwambia aandike anachohitaji mtoto kwa mwezi, kisha amwone baba mwenyewe na kuzungumza naye bila matusi. Mahakama ya watoto ipo, alisema, lakini haikimbii.

Basi wiki iliyopita Josée akapanda teksibasi hadi Kambove, akamkuta Ghislain amelala chini ya lori, spana mkononi. Hofu ya mwanamume huyo ilimshangaza: Ghislain alidhani akitia sahihi tu kwenye karatasi ya mtoto, papo hapo amekuwa mume na anadaiwa mahari.

"Sikukuya kutafuta bwana," Josée alimjibu. "Nilikuya kutafuta baba ya mutoto."

Ghislain alisema atakuja. Hakuapa.

Sasa, kwenye ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa inakoandikishwa watoto, saa nne inapita. Kila mlango unapofunguliwa Josée anasimama. Mathilde anamwomba atulie, benchi nalo lipumzike.

Saa tano kasoro robo, Ghislain anaingia, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Karani hapotezi muda: jina la mtoto?

Josée anamgeukia Ghislain. Kwao jina hutoka kwa ukoo wa baba, na hadi leo mtoto ameitwa Bebe tu. Ghislain anamtazama binti yake. Karani anagongagonga kalamu mezani.

"Andika Mamie," Ghislain anasema. "Ni jina ya mama yangu."

Josée anamfungua mtoto mgongoni, anamwita kwa jina hilo mara tatu harakaharaka, kama mtu anayejaribu kengele mpya ya baiskeli. Ghislain anatia sahihi.

Alhamisi watakutana tena mbele ya Mathilde kukubaliana kiasi cha kila mwezi, na makubaliano yataandikwa. Ghislain akiyavunja, Josée anajua sasa mlango wa mahakama uko wapi.

"Nitamuomba alipe dawa na nguo," anasema akirudi mbio kwa wateja wake. "Na feza ya minye, nitauza bati moja moja, nijenge paa hapa pa kazi. Mbele mvua ianze, Mamie atalala chini ya paa, minye nikiziba kinga."