Ngoma ya Kisu Saa Nne Asubuhi

Jirani yangu alimkata mumewe bega kwa panga saa nne asubuhi, na ngoma iliyompandisha hasira ilikuwa inalia mezani kwangu, ndani ya simu.

Mimi naandika hadithi, na kwa hilo majirani huniita mwalimu. Kijijini kwetu, huku Kilwa bara, nyumba yangu ni ya mwisho kabla ya mikorosho, na nyuma ya mikorosho ndiko linakowekwa kumbi la jando, kambi ya wavulana wanaotahiriwa. Mwaka jana nilirekodi ngoma ya kisu, ile inayopigwa wakati ngariba anakata, ili vilio vya watoto visiwafikie mama zao. Kila mama hapa anaijua. Akiisikia, anajua mtoto wa mtu anatoka damu.

Niliihitaji kwa kazi. Nikiweka taarabu, wahusika wangu husutana badala ya kupigana. Nikiweka bongo fleva, wanatongozana. Ngoma ya kisu hufupisha sentensi. Kila pigo linadai kitendo, na mtu niliyemwonea huruma kurasa tatu anakufa kwa mistari miwili. Siku zote niliisikiliza kwa hedifoni. Asubuhi ile zilikuwa zimekufa, nikaunganisha simu na spika, nikapandisha sauti. Katika hadithi nilikuwa naua watu wawili kisimani.

Jirani alikuwa na mtoto kumbini. Mtoto huyo akijikata, damu haikomi upesi, na daktari alishaonya. Wazazi walikubaliana aende na wenzake akapate mafunzo tu. Kukatwa, baadaye, hospitali. Walikubaliana mbele yangu. Niliyasahau yote kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Nikasikia makelele juu ya ngoma, nikatoka. Mume alikuwa barazani kwao anakaza mpini wa jembe. Mkewe alisimama mbele yake na panga.

"Ulisema anakwenda kufundishwa tu!"

"Mama watoto, weka panga chini. Kuku wa kuchinja leo hatuna."

"Utanieleza wewe kilichochinjwa! Husikii?"

"Nasikia. Kwani kule yuko wako peke yake?"

Akamkata. Pigo la kwanza lilipasua nyama ya bega mpaka mfupa ukaonekana mweupe. La pili mume alilikinga kwa mpini, ukavunjika. Spika yangu iliendelea. Nilikimbia ndani nikaizima, na katika ukimya ule nikamsikia mwanamume akikoroma kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya.

Jirani aliitazama nyumba yangu.

"Ngoma ile ni yako, mwalimu?"

"Ni yangu, dada."

Panga likamdondoka.

Mume alipakiwa kwenye bodaboda hadi Nangurukuru, akapata gari la hospitali. Mke yuko mahabusu. Polisi nimewaeleza habari ya spika, wameiandika.

Nilimkuta mgonjwa wodini, bega limefungwa. Nikamwomba radhi. Hakutaka kusikia habari za spika.

"Nilimwambia ngariba mwanangu asiguswe," alisema. "Nilimwambia kwa mdomo wangu."

"Akasemaje?"

"Walikuwa wanapiga ngoma. Sikusikia."

Nilikwenda kumbini kuuliza kama mtoto amekatwa. Mlinzi alinizuia njiani: habari za mtoto mmoja mmoja hazitolewi mpaka siku ya kutoka. Siku yenyewe bado haijatangazwa.