Kabine ya Papa Juu ya Shasi Iliyokatwa

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyokaribia kuharibu kamiyo ya Papa kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa musichana bado, mudomo murefu, masomo mafupi. Papa alikuwa amekufa, ametuachia mimi na Mama kamiyo ile moja, lori la mizigo. Ile njo ilikuwa inapeleka ndakala zetu, wale samaki wadogo wa ziwa, mpaka Nyunzu na kurudisha mahindi. Kabine yake ya buluu ilikuwa nzima, jina la Mama limeandikwa juu ya kioo. Lakini chini, shasi ilikuwa imeliwa na kutu, ikavunjika.

Tukapata shasi ya kamiyo mupya zaidi, iliyopinduka njiani. Nguvu ilikuwa nayo, ila ndefu mno. Ilibidi kuikata katikati na kuisude tena, kuiunga kwa moto, ili magurudumu yakae sawa chini ya karoseri, ule mwili wa kamiyo ya Papa.

Papa mudogo, ndugu ya Papa, akacheka mbele ya watu. “Kichwa cha muzee juu ya miguu ya kijana! Jumapili isipotembea, naiuza kama vyuma vya kutupwa.”

Maneno yale yaliniunguza. Bila kamiyo, Mama angebeba samaki kichwani mpaka lini?

Nikachukua kamba ya wavu. Sisi wa ziwa tunapima kila kitu na kamba: mutumbwi, nyumba, hata kaburi. Nikapima kamiyo ya zamani toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, nikafunga fundo, nikachora chaki juu ya shasi mupya. “Kata hapa!” nikamuambia Papa Kisimba, muzee wa kusude.

Akazima moto wake. “Binti, hii kamba umeivuta na akili ao na hasira?”

“Kamba ni kamba, muzee. Kata!”

“Chuma si nywele, binti. Hakitaota tena. Leta muti mukavu.”

Nikaleta mwanzi, huku nanung’unika. Tukapima upya. Kamba ilikuwa imevutika: chaki yangu ilikosa kwa upana wa kiganja kizima! Magurudumu yangekula karoseri, na shasi nyingine tungetoa wapi? Nikakaa chini, nikalia bila haya. Muzee akaniacha nilie, kisha akanipimisha mara tatu. Hata ule muti wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma tukaufupisha kwa kipimo hicho hicho.

Jumamosi, wavuvi wakaja kunyanyua kabine, wakiimba kama wanavuta mutumbwi toka majini. Ikakaa pwaa! Hakuna hata kidole kilichopita katikati.

Jumapili, baada ya misa, tukapita sokoni ndani ya kamiyo, Mama amekaa mbele kama bibi arusi. Nikatoa kichwa dirishani: “Papa mudogo, vyuma vyako vinapita!” Soko zima likapiga kelele. Naye, unajua alifanya nini? Alitukimbilia, akapanda juu ya magunia ya ndakala. “Naenda Nyunzu miye pia!”

Mpaka leo kabine ile inapita mbele ya mulango wangu, na ninasimama kuipigia mikono.

Basi, mwanangu, kitu cha wazazi usikitupe, na kipya usikiogope. Viunganishe. Lakini kabla ya kukata, weka hasira chini, upime na kitu kisichovutika. Na muzee akisema ngoja, meza kiburi na maji, ungoje.

Mungu akupe jicho lililonyooka na mukono usiotetemeka, akuvushe mashimo yote ya barabara ya Nyunzu, na wenye kukucheka waombe nafasi juu ya magunia yako.