Kulizunguka Jiwe Ziwani Singidani

Nikisikia harufu ya mashudu ya alizeti, mkono wangu huenda wenyewe kwenye paja la kushoto. Wenzangu hufikiri nina upele. Sina. Huwa namkumbuka Bwana Shabani na siku aliyotupandisha boti.

Bwana Shabani alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kule Ikungi, na hata ajipulizie manukato chupa nzima, mashudu yalitangulia kuingia mlangoni. Alikuwa anamposa Shangazi Rehema, mdogo wake baba, aliyeishi nasi Utemini, mjini Singida. Baba alimpenda sana mtu huyu. Shangazi hakuwa amesema kitu, na kwetu kimya cha mwali ni jibu: akiulizwa habari ya mume akanyamaza, wazee huhesabu ameridhia. Na kusema sitaki mbele ya mtu aliyeletwa na kaka yake kungekuwa kumvunjia kaka heshima.

Basi Bwana Shabani alikuwa ameona kwenye simu kisiwa cha Mediterania chenye mlima uliowahi kutema moto, wapenzi wakikizunguka ndani ya boti ya peke yao huku wakila zabibu. Akaona Singida hatupungukiwi kitu. Ziwa Singidani tunalo, jiwe kubwa katikati ya maji tunalo, na zabibu za Dodoma zilikuwa sokoni. Moto tu ndio ulikosekana. Baba akaruhusu kwa sharti la kawaida, kwamba niende nao mimi, mtoto wa miaka minane, nikae katikati yao.

Nilikaa katikati kweli. Kushoto Shangazi, kulia mashudu. Jaketi la kuokolea lilikuwa la mtu mzima, likanipanda hadi masikioni. Mwenye boti alipiga makasia polepole, maji yakinuka magadi, na kila ufukwe ulivyozidi kwenda mbali, pumzi ilinipungua. Sikuwa na pa kusogea wala pa kushukia. Nilimwona Shangazi ameng'ang'ania ukingo wa boti, nikadhani naye anaogopa maji.

Tulipolikaribia jiwe, Bwana Shabani akasafisha koo.

"Rehema, sitaki kukusumbua kwa maneno mengi," akasema kwa upole. "Tukimaliza kulizunguka jiwe hili hujaniambia neno, leo hii napitia kwa kaka yako nimwambie umekubali."

Shangazi akatazama maji. Boti ikaanza kupinda. Ndege aina ya heroe waliosimama kwa mguu mmoja walituangalia bila haraka. Jiwe likatuzibia mji wote, nyumba zikapotea, na hakuna aliyesema kitu. Niliogopa sana bila kujua naogopa nini.

Ndipo nikafinywa. Haukuwa ule mfinyo wa kumkataza mtoto kucheka msibani. Kucha zilizama pajani zikazungushwa, nami nikapiga yowe ambalo nadhani lilifika Ikungi.

"Mtoto anaogopa," Shangazi akasema. "Turudi."

Mwenye boti akageuza palepale, jiwe halijazungukwa hata nusu. Kwa hiyo Bwana Shabani hakuwa na la kumpelekea baba. Wiki haikuisha, Shangazi akaomba ruhusa kwenda Iramba kumuuguza bibi, akakaa huko mpaka Bwana Shabani akaoa kwingine. Baadaye aliolewa na fundi cherehani aliyempenda mwenyewe.

Mimi nikabaki na jina la Mwoga wa Maji. Nilimchukia Shangazi muda mrefu kwa kunifinya bila kosa. Kila alipokuta nikitaniwa alisema tu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kisha akanipakulia firigisi ya kuku. Nilidhani naye ananicheka.

Mwaka huu amekuja mtu kuniposa. Baba anampenda, na mimi bado nimenyamaza. Jumamosi iliyopita mtu huyo aliomba tukapunge upepo ziwani, baba akaruhusu. Nilikuwa navaa viatu Shangazi alipoingia na bintiye mdogo, amemvalisha gauni la sikukuu. Akaniwekea mkono wa mtoto mkononi.

"Nenda naye," akaninong'oneza. "Ukibanwa, mfinye."

Nikamtazama yule mtoto, akanichekea bila kujua lolote. Mkono wangu ulikwenda pajani, na machozi yakanitoka. Siku ile kwenye boti Shangazi alikuwa amebakiwa na sauti moja tu ya kukataa, nayo ilikuwa yangu.